Matusi ya Namsifu

Kazi yangu ya kwanza baada ya kumaliza shule ilikuwa kusoma matusi. Nakwambia ukweli. Unakaa kwenye kiti cha kuzunguka, ghorofa ya juu ya soko jipya pale Moshi, kioo kiko mbele yako, na matusi ya watu wazima wenye familia zao yanakupita machoni toka asubuhi. Ikifika saa nne unaletewa chai na andazi. Unakunywa, unaendelea na matusi.

Siku ya kwanza bosi wetu, Madam Tunu, alisimama nyuma yangu akanionyesha moja. Jamaa wa Tabora alikuwa anabishana na mwenzake habari za mpira. Upande wa kushoto wa kioo, kile alichoandika: "Kichwa chako kama debe la mafuta ya taa, tupu na linanuka." Upande wa kulia, kile kilichomfikia mwenzake: "Ndugu, sikubaliani na wewe."

"Umeona?" Madam akasema. "Huyu katukana, roho yake imetulia. Yule kasoma, hajaumia. Wote wanalala vizuri."

"Sasa huyu haoni kwamba maneno yake yamebadilika?"

"Kwake yanabaki vilevile alivyoandika."

"Na yule mwingine haoni alama yoyote?"

"Mwanzoni tuliweka alama. Watu wakawa wanaumia na ile alama. Mtu anakaa anajiuliza, huyu kaniambia nini? Anajitungia matusi makubwa kuliko yale yenyewe. Tukaitoa."

Mashine yenyewe ndiyo Ungo. Maneno yanayobaki nyuma tulikuwa tunayaita pumba, na sisi wakaguzi tuliitwa wapepetaji. Ungo unajua nani ataumia na neno gani kwa sababu ya bangili. Kila mtu anayo mkononi, inasoma mapigo ya moyo na jasho la ngozi, na yule aliyekuumiza mwaka juzi inamkumbuka kuliko wewe. Ukiwa umetulia inawaka kijani. Ukichomwa inakwenda njano, halafu nyekundu. Neno ambalo Ungo unaona litakutoa kwenye kijani linapepetwa kabla halijakufikia.

Sisi tulikuwepo kwa ajili ya makosa ya mashine. Muuza nyama kaandika "yule wa jana nimeshamchinja," Ungo umeshtuka. Hapo unabonyeza Pitisha, maneno yanakwenda kama yalivyo. Ukibonyeza Pitisha kwenye tusi la kweli, unafukuzwa siku hiyohiyo.

Nchi nzima inajua Ungo upo. Cha ajabu, hakuna anayejua kwamba unampepeta yeye. Kila mtu anadhani umewekwa kwa ajili ya wale wengine, wale wasio na adabu.

Na mimi niliupenda Ungo, usije ukadhani vingine. Dada yangu Aika alikuwa mwimbaji wa kwaya. Kabla ya Ungo alijirekodi akiimba, akauweka wimbo mtandaoni, sauti ikamkatika katikati. Basi. Watu ambao hawamjui, hajawakosea chochote, wakamwandikia mambo ambayo siyarudii hapa. Akaacha kuimba. Akaacha kwenda sokoni. Akawa anaongea na sisi akiwa ndani, mlango umefungwa. Ungo ulipoanza akarudi taratibu, na sasa anaimba akiosha vyombo mpaka majirani wanagonga ukuta. Kwa hiyo mtu asije kuniambia Ungo ni mbaya.

*

Kwenye kioo changu kulikuwa na kundi la kuandikiana la watu wawili tu, Wapare wa Usangi. Namsifu Mbwambo alikuwa nyumbani mlimani anamuuguza mama yao, ambaye alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Mdogo wake, Eliamini, alikuwa fundi wa vivuko vya umeme kule Mwanza. Walishaacha kupigiana simu. Kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake apige.

Namsifu aliandika: "Eli, we ni mtoto wa namna gani? Mama anakojoa kitandani, mimi ndo naosha, wewe unatuma picha umeshika samaki. Hovyo kabisa."

Kwa Eliamini ikafika: "Ndugu Eliamini, habari za kazi. Huku tunaendelea na shughuli za nyumbani. Picha ya samaki tumeiona."

Eliamini akajibu: "Dada, mbona unaniandikia kama unaiandikia ofisi ya kata? Kama hamnitaki huko si mseme tu?"

Kwa Namsifu ikafika: "Dada, nashukuru kwa taarifa."

Namsifu akalipuka: "Taarifa? Mama yako amekuwa taarifa ya habari? Mshenzi!"

Ikafika: "Karibu sana."

Nakwambia mwanzoni nilicheka. Nikamwita mwenzangu wa kiti cha jirani aje aone. Ila ukisoma kila siku, wiki zinapita, kicheko kinakata. Kadiri Namsifu alivyozidi kukasirika ndivyo alivyozidi kufika kama barua ya serikali. Na Eliamini, kila akisoma "Ndugu Eliamini," anakaa muda mrefu kabla hajajibu. Niliangalia bangili zao. Kijani wote wawili. Huzuni ikiingia polepole haishtui mapigo, kwa hiyo Ungo hauioni.

Halafu asubuhi moja ikaja hii: "Jana mama kaniita kwa jina la marehemu bibi. Langu naona linaondoka. Lako bado lipo, kila akiamka anauliza Eli yuko wapi. Daktari anasema kwa hali hii hata lako halitafika Pasaka. We mjinga we, utakuja umkute mtu asiyekujua."

Ungo ukapepeta: "Ndugu Eliamini, mama anakuulizia. Daktari ameshamwona. Karibu Pasaka."

Eliamini akajibu, "Sawa. Pasaka nitajaribu."

Nikanyanyuka mpaka kwenye meza ya Madam Tunu. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, huo ndio ulikuwa uzuri wake.

"Kuna tusi ndani?" akauliza.

"Lipo moja, Madam. Mjinga."

"Basi Ungo haujakosea."

"Lakini habari ya mama imepotea! Anadhani ana muda."

"Bariki, mwanangu." Akavua miwani. "Kila anayemtukana mwenzake anadhani anamsaidia. Hata wale waliomwandikia dada yako, wapo waliosema wanamwambia ukweli. Sasa tukianza sisi kuchagua nani aumie kwa faida yake, tutaishia wapi?"

Nikarudi kwenye kiti changu. Mpaka leo sina jibu zuri.

*

Kuna sehemu moja tu ambayo Ungo haugusi, nayo ni utani wa makabila. Mwezi wa kwanza wa Ungo nchi ilikuwa karibu ipasuke. Watu wanafiwa, watani wao wanawatumia maneno ya msiba kama ilivyo desturi, marehemu kafa na deni la pombe, marehemu alikuwa anakoroma, halafu kwa wafiwa inafika "Poleni sana." Wafiwa wakalalamika kwamba watani wamewatupa. Serikali ikasalimu amri, vikafunguliwa vijiwe vya watani. Unajiandikisha na kabila lako, unaingia, unatukana upendavyo.

Eliamini alikuwa anashinda kwenye kijiwe cha Wapare na Wachaga. Na mimi ni Mchaga. Nikaona njia imepatikana, niko kama chizi kwa furaha. Sitaji ujumbe wa Namsifu, sibonyezi Pitisha, naingia zangu kama mtani na kumwambia kavukavu.

Nikaandika: "We Mpare wa Mwanza, samaki wamekunogea mpaka umesahau makande?"

"Ooh, Mchaga!" akajibu papo hapo. "Leo duka umemwachia nani?"

"Nimefunga duka nije nikwambie mama yako anasahau watu. Nenda kamwone, usisubiri Pasaka."

"Hahaha! Mama yangu anisahau mimi, amkumbuke nani, wewe mwenye kichwa kama mkungu wa ndizi?"

"Nasema kweli, kaka."

"Mchaga akisema kweli ujue kuna kitu anauza. Sema unauza nini?"

Wengine wakaingia. Huyu anauliza kama nauza tiketi za kwenda Usangi, yule anasema Wachaga sasa wanafanya biashara mpaka ya mama za watu. Nikaapa. Nikaandika kwa herufi kubwa. Nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kucheka, na bangili ya Eliamini pale kwenye kioo changu ikawa inarukaruka kwa raha, sijawahi kuiona hivyo. Mwisho akaniandikia, "Mtani, umenifurahisha leo. Nilikuwa na siku mbaya."

Nikatoka kijiweni. Mtani anaruhusiwa kusema kila kitu, na ndiyo maana hakuna anayemwamini.

*

Nilimkuta Aika uani anaosha masufuria, anaimba. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Dada, nikuulize kitu. Ungeweza kuchagua, yale maneno ya kipindi kile yasikufikie..."

"Yasinifikie," akanikata.

"Yote?"

Mkono ukasimama ndani ya sufuria. Nikajuta kuuliza.

"Kulikuwa na moja la mwalimu wetu wa kwaya," akasema baadaye. "Aliandika, 'Hukuvuta pumzi kabla ya kiitikio. Mvivu wewe, nilikwambia toka mwanzo.' Lile ndilo lililoniuma kuliko yote, Bariki. Wale wengine hawanijui. Yule ananijua."

"Ungetaka lipepetwe?"

"Sijui." Akamwaga maji. "Kila nikiimba, pale kabla ya kiitikio navuta pumzi. Sijui nikwambie nini. Ila usinifanye mimi ndo nikuamulie. Kuna mtu unataka kumuumiza, eh?"

"Kuna mtu nataka aumie kidogo, ili asije akaumia sana."

"Hivyo ndivyo wote wanavyosema," akasema Aika. Akaendelea kuosha, ila hakuimba tena jioni ile.

*

Siku ile ilikuwa Alhamisi, mchana, ofisi ina joto, nusu ya watu wamekwenda kula. Namsifu akaandika:

"Eli. Leo mama hajaniita jina lolote. Kanitazama kama mwizi aliyeingia ndani. Wewe bado anakutaja. We ni mtu wa hovyo kuliko wote niliowahi kuwajua, na sina mwingine. Usipokuja wiki hii usije tena, sitakufungulia mlango."

Ungo ukapepeta: "Ndugu Eliamini, mama anakusalimia. Karibu nyumbani wakati wowote."

Pembeni ya ujumbe kulikuwa na rangi ya makisio, vile bangili ya Eliamini itakavyowaka kama akiyasoma yale yenyewe. Nyekundu iliyokolea, ile tunayoiita damu ya mzee.

Nilisoma mara nyingi. Nilikuwa natafuta hata sehemu moja niseme mashine imekosea. Haikuwepo. Yalikuwa matusi ya kweli na yalikuwa yanakwenda kumchoma mtu kweli, na huyo mtu hajaniruhusu. Nikamfikiria Aika nyuma ya mlango uliofungwa. Halafu nikafikiria yule mama anaamka asubuhi, anauliza Eli yuko wapi.

Nikabonyeza Pitisha.

Bangili ya Eliamini ikaruka kijani, njano, nyekundu, kama mtu kaimwagia maji ya moto. Nikaona anaandika. Akafuta. Akaandika tena, refu, akafuta. Halafu kundi likaonyesha mstari mmoja mdogo: Eliamini ametoka.

Basi.

Baada ya muda Namsifu akaandika, "Eli?"

"Eli, nilikuwa na hasira."

"Mdogo wangu, rudi. Nisamehe."

Yote yalikuwa maneno safi. Ungo haukugusa hata herufi. Yakapita moja kwa moja, na upande wa pili hakukuwa na mtu wa kuyasoma.

Nilikuwa bado nimekaa vilevile Madam Tunu alipokuja. Mashine ilikuwa imeshamwambia. Nilitegemea anifokee, hata nilitamani anifokee. Akaweka mkono kwenye bega langu.

"Yule kijana yuko wapi sasa hivi?" akauliza.

"Sijui, Madam."

"Ana nani karibu yake?"

"Sijui."

"Na mimi sijui. Ndiyo maana tuliweka Ungo, Bariki." Akanyoosha kiganja, nikampa kitambulisho cha kazi.

*

Nyumbani niliwasha simu nikaingia kijiwe cha watani. Eliamini hayupo. Kesho yake hayupo. Kesho kutwa watani wanaulizana, yule Mpare wa Mwanza kapotelea wapi, leo hatuna wa kumtukana. Nilitunga ujumbe wa kumwomba Namsifu radhi, nikafuta, nikatunga.

Aika akaninyang'anya simu. "Usimwandikie. Nenda."

"Nikamwambie nini?"

"Ulichofanya. Mbele ya uso wake, akuone na wewe unavyoumia. Akikupiga upigwe."

Jumatatu nikachukua pikipiki ya umeme toka Mwanga mpaka Usangi. Mlima umefunikwa na ukungu, baridi inapenya mpaka kwenye meno. Nyumba ya kina Mbwambo nilielekezwa na mama mmoja aliyekuwa anachuma majani ya ng'ombe. Nikashuka kwenye kijia katikati ya migomba, najifundisha maneno ya kusema, na kabla sijafika uani nikasikia kelele.

"Nani alikwambia chai inawekwa tangawizi yote hiyo? Unataka kumuua?"

"Mimi ndo nampikia mwaka mzima! Wewe umekuja juzi na begi lako!"

"Nimekuja si umeniita?"

"Nimekuita kwa matusi! Mtu mwenye akili anasubiri matusi?"

Nilisimama palepale, mkono kwenye mgomba. Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mwanaume mrefu mwenye sweta jipya, akaokota kuni pembeni ya mlango. Akaniona.

"Nani wewe?"

"Mchaga," nikasema. Kati ya yote niliyojifundisha, hilo ndilo lililotoka.

"Mchaga gani?"

"Yule wa kijiweni. Kichwa cha mkungu."

Akanitazama, kuni ziko mkononi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama hapohapo, haraka, kabla uoga haujanizidi. Kwamba nilikuwa mpepetaji. Kwamba dada yake alikuwa anamwandikia hivi, kwake inafika vile. Kwamba mimi ndiye niliyeyapitisha yale ya Alhamisi, na nilijua yatamuumiza.

Mbuzi akalia huko nyuma ya nyumba.

"Niliumia," akasema.

"Najua, kaka. Niliona."

"Hujui. Uliona rangi." Akaweka kuni chini. "Nilikaa chini kwenye kivuko, abiria wananiruka. Nilitaka kutupa simu ziwani." Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Mwaka mzima dada yangu ananiita Ndugu Eliamini. Ndugu! Mimi nikajua ndo nimeshafutwa huku. Halafu siku hiyo nasoma, mtu wa hovyo, sina mwingine. Nikasema, huyu sasa ni Namsifu. Nikatoka kwenye kundi nikaenda kutafuta usafiri. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nalia, na ukimwambia nakuvunja miguu."

"Simwambii."

"Na sijakusamehe."

"Sawa, kaka."

"Beba kuni hizo. Mchaga haingii kwa Mpare mikono mitupu."

Jikoni kulikuwa na moshi na harufu ya tangawizi. Namsifu alikuwa mfupi, mnene kidogo, kitambaa kichwani, macho mekundu ya mtu asiyelala. Pembeni ya moto, kwenye kiti chenye mto, mama yao alikuwa amefunikwa kanga mbili miguuni, anatutazama kwa zamu.

"Huyu nani tena?" Namsifu akauliza.

"Mtani," akasema Eliamini. "Ana maneno yake, atakwambia akishapata kula. Na wewe usiweke chumvi hivyo, toka hapo."

"Nitoke niende wapi? Jiko lako hili?"

"Nimesema toka, una kichwa kigumu kama..."

"Eli!"

Mama ndiye aliyesema. Sauti ndogo, ila wote watatu tuligeuka.

"Eli, usimgombeze huyo dada," mama akasema. "Sijui katoka wapi, lakini ana mikono mizuri. Akiniosha hanivuti."

Namsifu alikuwa ametugeuzia mgongo, anakoroga. Akaacha kukoroga. Nilitamani niwe kule nje kwenye ukungu.

"Nimekosa, mama," Eliamini akasema. Akamfuata dada yake, akamtoa mwiko mkononi taratibu, kidole kwa kidole. "Kaa chini wewe," akamwambia kwa sauti ya chini. "Mjinga wewe. Kaa upumzike."

Namsifu akakaa kwenye kigoda karibu na miguu ya mama yake. Mama akanyoosha mkono, akamgusa kitambaa cha kichwani, akakirekebisha kilipolegea.

"Na wewe binti, unaitwa nani?"

"Namsifu."

Mama akatabasamu uso mzima. "Ninaye mwanangu anaitwa hivyohivyo," akasema. "Mkali yule! Lakini siku ukiugua ndo utamjua."

"Namjua, mama," akasema Namsifu.